Kitabu Namba 412 na Likizo Ishirini na Tisa za Mama Honorata

Jumanne hii, tarehe 30 Juni 2026, saa tisa na nusu alasiri, Bi. Honorata Ntamagiro, Mkutubi Mkuu wa Maktaba ya Nyota ya Ziwa hapa Kigoma, atavua miwani, ataifuta kwa ncha ya kitenge, ataivaa tena na kutoka mlangoni akiwa mstaafu. Atakuwa ametumikia miaka thelathini na mitano kamili, maana aliripoti kazini tarehe 1 Julai 1991 akiwa na sanduku la bati na barua ya ajira aliyoifunika kwa karatasi ya kalenda isichafuke. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Wema Chilewa, msaidizi wake kwa miaka kumi na miwili, niandike wasifu wake wa ukurasa mmoja. Ukurasa mmoja! Kamati inisamehe. Kwa yaliyotokea wiki iliyopita katika maktaba hii, ukurasa mmoja haunitoshi hata kucheka.

Lakini tuanze kwa adabu. Mama Honorata alizaliwa Juni 1966 kijijini Kidahwe, kwenye barabara ya kwenda Kasulu. Nyumbani kwao kulikuwa na kitabu kimoja tu, nacho alikisoma mpaka gamba likaachia, akalishona kwa uzi wa gunia. Alipohitimu mafunzo ya ukutubi akapangiwa hapa. Siku hizo maktaba ilikuwa chumba kimoja chenye vitabu mia tatu na themanini na popo wasiohesabika. Popo aliwahamisha mwenyewe, kwa fagio na maneno makali. Leo tuna vyumba vitatu, vitabu elfu sita na thelathini na nane, na popo mmoja ambaye Mama anasema ni mwanachama.

Jambo la kwanza alilogundua ni kwamba watu wa Kibirizi, mtaa wa wavuvi hapo chini ufukweni, walikuwa wanapenda kusoma, ila walikuwa hawarudishi vitabu kwa wakati. Muhuri ulisema siku kumi na nne. Mvuvi wa dagaa hana habari na siku kumi na nne. Yeye anavua wakati wa giza, taa zikiwavuta dagaa, na mwezi ukijaa anapanda nchi kavu, anakausha nyavu, anapumzika. Mama alikaa na jambo hilo wiki mbili, kisha akaweka muhuri pembeni. Kwa wavuvi, kwenye safu ya tarehe ya kurudisha, akawa anachora duara dogo kwa penseli. Maana yake: lete mbalamwezi ikifika. Wakaleta! Mwezi ukijaa tu, foleni ilikuwa inaanzia mlangoni mpaka kwa mama muuza karanga, na vitabu vinanukia dagaa hadi rafu ya mwisho.

Hapa sina budi kuungama. Nilipofika mwaka 2014, mgeni kutoka Dodoma, sijui samaki wa ziwa hili, mgebuka wala kuhe, niliikuta ile rejista imejaa viduara. Nikasema moyoni, masikini, watoto wamechezea daftari la serikali. Nikachukua kifutio. Nilifuta miezi thelathini na mmoja kwa asubuhi moja, nikajisifu na kupuliza vumbi. Mama Honorata aliporudi kutoka ofisi ya kata alitazama ukurasa, akakaa, akaomba maji ya kunywa. Hakunifokea. Aliniambia tu nisubiri mwezi ujae. Ulipojaa, wavuvi wote wakaja wenyewe na vitabu vyao thelathini na kimoja, hakuna aliyehitaji kukumbushwa, na mimi nikawa ninawapokea nikiwa nimeinamisha kichwa. Tangu siku hiyo kifutio changu kinakaa kwenye droo yake, na ufunguo anao yeye.

Jambo la pili ni faini. Mama aligundua kwamba mtu akiogopa faini anakificha kitabu juu ya dari, halafu anajificha na yeye mwenyewe. Kwa hiyo akaanzisha ile tunayoiita faini ya mdomo. Ukichelewesha kitabu, unasimama katika chumba cha kusomea mbele ya waliopo, unawasimulia kilichomo. Hujakisoma? Basi nenda kakae kwenye benchi ukisome, utasimulia kabla ya kufunga. Nimeona polisi akitoa jasho akisimulia hadithi ya sungura. Nimeona mwalimu mkuu akidai kwamba alikiazima kwa ajili ya mkewe, na mkewe akaitwa. Na nimemwona Bi. Shadia wa Ujiji, mpishi wa vitumbua, ambaye anachelewesha kila kitabu makusudi kwa sababu anapenda kusikilizwa. Anakuja na kanga mpya, anatazama kwanza kama watu wametosha, wakiwa wachache anasema hapana, ameshikwa na kichwa, atarudi Jumamosi. Mama alishamtishia kumfutia uanachama mara nne.

Sasa tufike kwenye likizo, maana hapo ndipo penye mambo.

Miaka sita ya kwanza Mama Honorata hakuchukua likizo hata siku moja. Shule zikifunga Juni na Desemba, watoto wanamiminika maktaba, atawaachaje? Shule zikifungua, kuna vitabu vya kugundisha na kufunika kwa kalenda, ataviachaje? Mwaka 1993 alifunga ndoa na Mzee Feliksi Bitama, mvuvi wa Kibirizi mwenye asili ya Kagunga, kule mpakani na Burundi. Harusi ilikuwa Jumamosi. Jumatatu saa moja na nusu bibi harusi alikuwa mezani kwake, hina mikononi, anapiga muhuri. Mwaka uliofuata akajifungua binti yao, Happiness, na ukiacha siku za uzazi huo hakukosekana mezani.

Mzee Feliksi lazima niwaeleze kidogo habari zake. Ni mtu mpole na mkimya kupita kiasi. Mimi ninayeandika nimemfahamu miaka kumi na miwili, na maneno aliyonitamkia nikiyakusanya yote hayajazi bahasha. Akikusalimu anatikisa kichwa. Akikushukuru anatikisa kichwa. Akikataa, anatikisa kichwa vilevile, na wewe ndiye unayepaswa kujua tofauti. Watu wa Kibirizi wanasema hata kanisani siku ya ndoa padri alimwomba arudie lile "ndiyo" kwa sababu halikusikika. Mtu huyu alikuwa na ombi moja tu kwa mkewe, nalo alilirudia kila mwaka kwa maneno machache aliyojaliwa: wachukue likizo, wapande boti, waende Kagunga akamwone mama mkwe. Kila mwaka alijibiwa kwamba vitabu haviwezi kujilinda.

Agosti 1997 ikatokea ajali. Mama Honorata, mtu aliyeandika kwa mkono wake lile tangazo la KULA NI MARUFUKU, alikuwa anakula mezani. Maharage, na mawese ya kutosha. Sahani ikapinduka, mawese yakafunika ukurasa mzima wa rejista. Akachukua ncha ya kitenge akafuta, na kwa kufuta huko akamaliza kazi ambayo mawese yalikuwa hayajaimaliza. Majina yote yakapotea. Mwezi ulipojaa wenyewe wakaja mmoja mmoja, akayaandika upya. Ukabaki mstari mmoja ambao mwenyewe hakuja. Jina halisomeki. Kinachosomeka ni namba ya kitabu, 412, na duara dogo la penseli. Kilikuwa kitabu chembamba cha jalada la njano, chenye michezo ya kuwachezesha watoto wakati wa likizo.

Ninyi mtasema, kitabu kimoja, kwani kuna nini? Hamumjui huyu mama. Katika maktaba hii hakijawahi kupotea kitabu. Kimeloa, kimeliwa na mbuzi, kimerudi bila kurasa za katikati, lakini kimerudi. Na hiki cha kwanza kupotea kimepotea kwa mawese yake mwenyewe! Aliapa kwamba hatakabidhi rejista hii kwa mtu yeyote ikiwa na mstari ulio wazi. Jioni hiyohiyo akamwambia mumewe aandae boti, anachukua likizo. Duara linaonyesha kwamba mwazimaji ni mtu wa ziwani, na watu wa ziwani wengi ni ndugu zake Mzee Feliksi, kwa hiyo wanaanza na Kagunga. Mzee Feliksi, kwa taarifa tulizonazo leo, alifungua mdomo, akaufunga, akaenda kununua petroli.

Hivyo ndivyo likizo zilivyoanza. Kila Septemba, mwaka hata mwaka, siku ishirini na nane, wawili hao walikuwa wanashuka Kibirizi na mizigo yao: yeye na begi la vitabu vya kuazimisha njiani, mzee kwenye injini. Mama ana daftari lake la likizo, na ameniruhusu nichungulie. Likizo ya kwanza, Kagunga, aliwakusanya watu ufukweni akawahoji kijiji kizima, kuanzia mwenyekiti. Hakupata 412. Alipata vitabu vyake vitatu ambavyo alikuwa hajui kama vimechelewa, na kimoja ambacho ni cha maktaba ya Burundi. Hicho nacho alikibeba, akakifunika kwa kalenda, akampa mfanyabiashara anayevuka akirudishe kwa wenyewe.

Mwaka uliofuata akaomba nafasi ya kusema neno kanisani Kagunga baada ya misa. Alizungumza dakika ishirini juu ya mtu anayekaa na kitu cha watu na bado analala usingizi. Daftari linasema watu watatu walilia. Linasema pia kwamba Mzee Feliksi alikuwa benchi la mbele na alitazama viatu vyake tangu mwanzo hadi mwisho. Mama alidhani anasali.

Mwaka mwingine wakasikia kwamba kwao Kidahwe kuna mzee mmoja ana kitabu cha njano na hataki mtu akiguse. Wakaacha boti, wakapanda lori la muhogo. Kufika, kumbe ni kijitabu cha maelezo ya cherehani. Mzee yule hakuwa na cherehani na hajawahi kuwa nayo, lakini alikisoma kila jioni, akawasomea kurasa tatu za namna ya kutia uzi kwenye sindano. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Waliondoka na jogoo mmoja, na wanachama wapya kumi na wanne.

Kila walipokwenda kukitafuta kitabu, waliacha vingine. Kijiji kisichokuwa na 412 kilikuwa na watoto, na Mama hawezi kuona mtoto mikono mitupu. Akawa anaacha sanduku la vitabu kwa mtu mwaminifu, Septemba inayofuata anakuja kubadilisha. Leo masanduku hayo yako saba mwambao wote, na wageni wakija huwa tunawaambia kwa kifua mbele kwamba ni mpango wetu wa kufikisha huduma kwa wananchi. Mpango! Ilikuwa ni mama mmoja anamsaka mwizi.

Katika daftari hilo kuna mambo aliyoyaandika juu ya kazi, na ninayanukuu kwa ruhusa yake. Anasema kabla ya likizo alidhani wasiokuja maktaba ni wavivu. Akaenda kwao, akaona wanaanika dagaa tangu asubuhi, wanabeba, wanapika, wananyonyesha. Akaandika kwamba hao hawakuwa wavivu hata kidogo, yeye ndiye alikuwa amekaa mbali. Mahali pengine ameandika kwamba alikuwa anaogopa kupumzika kwa sababu alidhani maktaba itaanguka. Akarudi akaikuta imesimama. Anasema siku hiyo alifurahi na akaudhika kidogo. Na kuna ukurasa wa mwaka 2009 wenye mstari mmoja tu: "Leo ziwa shwari. Tumekula mgebuka. Nimesahau kuulizia kitabu."

Basi, tuje wiki iliyopita. Jumatatu tarehe 22 alifika Bwana Jeremia kutoka makao makuu kusimamia makabidhiano. Bwana mtanashati, tai, kalamu tatu mfukoni. Tulihesabu vitabu siku mbili, tukarudia siku ya tatu. Vyote vipo. Kasoro 412. Bwana Jeremia akasema si neno, kitabu cha miaka yote hiyo, aandike tu "kimepotea" kwa wino mwekundu, asaini, na mimi nisaini nipokee. Akampa na kalamu. Alisema kwa upole, lakini mimi niliona uso wa Mama ukibadilika. Akaomba apewe mpaka kesho.

Alhamisi mchana Mama alikaa mezani na ile kalamu nyekundu. Sijawahi kumwona vile. Huyu ni mama anayewapigia muhuri watu mia bila kupumua, lakini siku hiyo kalamu ilikuwa inakaribia karatasi, inarudi. Aliniambia, bila kunitazama, kwamba akienda nyumbani na mstari huu atakuwa anauona kila akifumba macho. Mimi machozi yananilenga, ninajifanya napanga magazeti. Mzee Feliksi alikuwa amemletea chakula kama kawaida. Maharage, jamani, na mawese. Alisimama pale mlangoni na bakuli lake akimtazama mkewe. Kisha akaliweka bakuli juu ya benchi, akatoka bila hata kutikisa kichwa. Tukasikia bodaboda ikiondoka.

Alirudi baada ya nusu saa akitokea Kibirizi, suruali imelowa mpaka magotini. Mkononi ana kifurushi cha nailoni kilichofungwa kwa kamba ya wavu. Akakiweka juu ya rejista. Mama akakata kamba. Ndani ya nailoni kulikuwa na nailoni nyingine, ndani yake karatasi ya kalenda ya mwaka 1997, na ndani ya kalenda kitabu chembamba cha jalada la njano. Namba 412. Hakina hata kunyanzi.

Bwana Jeremia akasimama. Mimi nikakaa. Mama Honorata akamtazama mumewe, akatazama kitabu, akamtazama tena mumewe, na Mzee Feliksi akatamka sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia akizitamka:

"Ulikuwa hutaki likizo, mama Happy."

Hapo ndipo yakatoka yote, kwa maswali ya Mama na kichwa cha mzee kikitikisika. Ni yeye aliyekichukua, Agosti ile, Mama akiwa chumba cha nyuma. Aliandika jina lake mwenyewe kwa uaminifu, akachora duara kama wenzake. Alikusudia kukileta mwezi ukijaa. Siku ulipojaa, kabla hajakifikisha, mkewe akatangaza likizo. Je, kilikuwepo Kagunga siku wanakijiji wanahojiwa? Kichwa kikatikisika. Kilikuwepo siku ya yale maneno ya kanisani? Kikatikisika. Kilikuwa wapi? Kwenye boti, ndani ya kisanduku cha chini ya ubao wa kukalia. Ubao upi? Mzee akashusha pumzi. Ubao wa mbele.

Ubao wa mbele ni wa Mama! Ana mto wake wa kukalia pale! Mama Honorata Ntamagiro, mtumishi hodari, amezunguka mwambao wa Tanganyika miaka ishirini na tisa akikitafuta kitabu alichokikalia.

Nilimtazama nikasubiri radi. Badala yake bega likaanza kucheza, halafu la pili, miwani ikaanguka, na Mama akacheka kicheko ambacho kiliwatoa watoto wote chumba cha kusomea kuja kuchungulia. Bwana Jeremia akacheka mpaka akalegeza tai. Mzee Feliksi naye akatabasamu, na hapo akawa amekosea, maana Mama alifuta macho, akavaa miwani, akasema kwa sauti ya kazini kwamba kitabu kimepokelewa, ila kimechelewa. Mwazimaji atalipa faini ya mdomo Jumamosi saa nne. Kabla ya hapo mstari haufungwi, hati haisainiwi. Mzee Feliksi, mtu aliyenong'ona ndoa yake, akashika ukuta.

Jumamosi tarehe 27 habari ilikuwa imeshafika Ujiji na kurudi. Shule zimefungwa, kwa hiyo watoto walikuwepo tangu alfajiri. Mwezi unakaribia kujaa, kwa hiyo Kibirizi nzima ilikuwa nchi kavu, nayo ikaja, nyingine ikasimama madirishani. Bi. Shadia alifika na kanga mpya, akauona ule umati, akasema kwa uchungu kwamba yeye hajawahi kupata watu namna hii.

Mzee Feliksi alisimama mbele akiwa amekishika kitabu juu chini. Alijikohoza. Alijikohoza tena. Watoto wakaanza kucheka kichinichini, na mimi nikaona kwamba hawezi, na mstari hautafungwa kamwe. Mama alikuwa amekaa mbele, rejista magotini, hamsaidii na wala hamkimbizi. Ndipo mzee akakiweka kitabu mezani, akavua kandambili, akachukua chaki, akachora duara sakafuni. Akaruka ndani kwa mguu mmoja, akapiga makofi mara mbili, akageuka hewani, akatua. Miaka sitini na minne! Akachora duara la pili akamnyooshea mkono mtoto wa kwanza.

Alikisimulia chote hivyo. Mchezo wa kwanza mpaka wa mwisho, bila kufungua ukurasa, kwa sababu alikuwa anaijua yote kichwani. Kufikia mchezo wa sita madawati yalikuwa nje. Kufikia wa tisa Bwana Jeremia wa makao makuu alikuwa anaruka kwa mguu mmoja na tai begani, akigombana na muuza dagaa kuhusu nani amekanyaga mstari. Bi. Shadia alitolewa mchezoni kwa udanganyifu, akarudi kwa mlango mwingine. Mimi niliteguka kifundo, na ndiyo maana leo mnaniona ninachechemea.

Tulipochoka wote, tukakaa chini, mzee akasema. Sauti ilikuwa ndogo, ikabidi tunyamaze kabisa. Alisema mwanawe Happiness alipokuwa na miaka mitatu, yeye alikuwa akitoka ziwani ananuka dagaa na mtoto anamkimbia. Hakujua afanye nini mtoto amzoee. Akaona kitabu kina picha ya watoto wameshikana mikono. Aliona aibu mkewe ajue kwamba mtu mzima anahitaji kitabu ili acheze na mwanawe. Kisha akasema kwamba wakati wa kurudi kutoka Kagunga ile mara ya kwanza, mkewe aliona samaki anaruka, akacheka kwa sauti. Alikuwa hajamsikia akicheka hivyo tangu waoane. Akawaza, nitakirudisha mwezi ujao. Halafu akavaa kandambili zake, akaketi.

Happiness mwenyewe, ambaye leo ni muuguzi na ana mtoto, alikuwa pembeni ya dirisha. Alikwenda kukaa karibu na baba yake, akalaza kichwa begani pake, pamoja na harufu yake ya dagaa. Mama Honorata aliinamia rejista. Alipoinua uso alikuwa ameufunga mstari ule wa 1997, kwa penseli na si kwa wino mwekundu, na jina la mwazimaji limeandikwa upya kwa ukamilifu. Akasaini hati. Nikasaini. Maktaba hii sasa imekabidhiwa, vitabu elfu sita na thelathini na nane, hakuna kilichopotea.

Nilidhani yameishia hapo. Jana Jumatatu asubuhi, nimekaa kwenye kiti chake kwa mara ya kwanza, miguu haijazoea urefu, naona watu wawili wamepanga foleni. Foleni ya watu wawili. Mama Honorata alikuwa anaomba kadi ya uanachama, maana mtumishi hakuihitaji. Nikamwandikia. Akaniomba kitabu namba 412, cha kumchezeshea mjukuu wao Leonia, mwenye miaka mitatu. Nilipofika safu ya tarehe ya kurudisha nikachukua muhuri, akanitazama kwa jicho lile la siku ya kifutio. Nikaweka muhuri chini, nikachora duara. Nikauliza, mwezi gani huo? Na Mzee Feliksi, ambaye hakuna aliyemuuliza, akasema wowote tu.

Mama Honorata, asante kwa miaka thelathini na mitano, kwa masanduku saba, kwa kila mtoto uliyemfunikia kitabu kwa kalenda ya kwenu. Mzee Feliksi, asante kwa wizi wako. Septemba mnakwenda Kagunga kwa mara ya kwanza bila kutafuta chochote, na Mama ameshaniambia ana wasiwasi, hajui atawauliza watu nini. Waulize hali zao, Mama. Tunawaombea ziwa shwari, migebuka minono na mbalamwezi nyingi mno. Kuhusu 412, kama mkutubi mpya natoa amri yangu ya kwanza: msikilete haraka.